Nimetafiti dawa ya watoto miaka yote hii, matokeo yametoka haisaidii. Niache utafiti nirudi wodini?

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu lisitoke, na ile dawa niliyokuwa naitafiti sitaitaja maana fani yetu ni ndogo, ukitaja dawa tu watu washajua ni nani anaongea.

Mi ni daktari wa watoto. Nilimaliza ubingwa nikakaa wodini kwa muda halafu nikahamia utafiti wa magonjwa ya kuambukiza ya watoto, na niseme ukweli niliingia kwa hasira. Wodini tulikuwa tunapokea watoto wana nimonia kali, tunawapa antibayotiki kama mwongozo unavyotaka, oksijeni wamewekewa, kila kitu kimefanyika kwa wakati, na bado kuna asubuhi unaingia unakuta kitanda kimetandikwa upya. Ukiuliza kwa nini huyu kafariki na yule wa jirani yake aliyekuja na hali ile ile kapona, hakuna anayejua, watu wanasema tu mapenzi ya Mungu. Sikatai mapenzi ya Mungu ila nilitaka kujua na mengine.

Profesa wangu ndo akanichukua, akanifundisha kazi, uzamivu nimefanya chini yake. Jaribio letu lilikuwa hivi, watoto wote wenye nimonia kali wanapata antibayotiki za kawaida, halafu kwa bahati nasibu nusu wanaongezewa dawa hiyo tuliyoitegemea na nusu wanaongezewa kitu kinachofanana nayo ila hakina kiambato, na wala mzazi wala nesi wala mi mwenyewe sijui nani kapata nini. Mi ndo nilikuwa naendesha shughuli za kila siku, kuongea na wazazi, fomu za ridhaa, kuchukua damu, kuhakikisha sampuli zinaingia friza kwa wakati, kujibu maswali ya watu wa data usiku wa manane kwa nini uzito wa mtoto fulani umeandikwa tofauti sehemu mbili. Na damu ya mtoto wa miezi mitatu wewe unaijua, unakishika kile kimkono unakipasha moto kwa kiganja chako, mshipa hauonekani unausikia tu na ncha ya kidole, mama kageuzia uso ukutani, na unachoruhusiwa kuchukua ni mililita chache sana kwahiyo hakuna kumwaga.

Sasa siri imefunguliwa. Mama, hakuna kitu. Mistari miwili ya kwenye grafu imelaliana kuanzia siku ya kwanza mpaka mwisho, waliopata dawa na ambao hawakupata ni walewale. Niliangalia ile grafu kwenye laptopu nikafunga nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Ingekuwa imeishia hapo ningelia yakaisha. Shida ni profesa anasema tusikimbilie kuandika. Kamwambia mtu wa takwimu azikate data vipande vipande, wavulana peke yao, wasichana peke yao, waliochelewa kuja, wenye utapiamlo, wa chini ya miezi sita, na kweli kwenye kikundi kimoja ikaonekana kama dawa inasaidia. Sasa anataka makala yetu ijengwe juu ya hicho kikundi, hilo la jumla tulitaje kwa mstari mmoja. Na kama sikubali anasema basi tuiweke kwanza pembeni tuandike andiko jipya la kuomba fedha, maana ukienda kwa mfadhili na matokeo ya hakuna tofauti nani atakupa hela.

Mkataba wangu unaisha na fedha za mradi, yaani karibu. Wakati huohuo kuna hospitali imenipa ofa, ajira ya kudumu, wodi ya watoto, mshahara unaeleweka. Mama yangu mzazi anasema nenda mwanangu, miaka yote hii unatibu makaratasi. Mume wangu anasema amua wewe, na hiyo kwa kweli inanichosha kuliko angenigombeza.

Halafu kuna mama mmoja mtoto wake alifariki akiwa kwenye jaribio letu. Nilikutana naye kabla siri haijafunguliwa, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza dokta ile dawa imeonekanaje, na mwanangu alikuwa anapewa ipi. Nikamwambia bado haturuhusiwi kujua. Sasa najua, na namkwepa.

Niambie, nimepoteza muda? Niende hiyo hospitali? Na profesa nimwambieje, mtu aliyenilea hivi?

Daktari niliyechoka

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja maana kuna mambo umeyachanganya. Kuna matokeo, kuna profesa, kuna kazi, na kuna yule mama. Wewe unataka kuyamaliza yote kwa kukubali ofa ya hospitali, na hapo ndo sikubaliani na wewe, siyo kwamba ofa ni mbaya, inaweza ikawa nzuri sana, ila ukiondoka sasa hivi unaondoka na matokeo yakiwa kwenye droo ya mtu mwingine, na wale watoto walitoa damu.

Tuanze na hilo la kupoteza muda maana naona ndo linakuuma. Mwaka 2002 Elizabeth Molyneux na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Malawi kwa watoto 602 wenye homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria. Walikuwa wanauliza je tukiongeza deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, juu ya antibayotiki, vifo vitapungua? Swali la maana kabisa, kulikuwa na sababu za kuamini itasaidia. Jibu likawa vifo ni sawasawa pande zote mbili. Mistari imelaliana kama ya kwako. Na hilo jibu limetumika kuwaongoza madaktari kwenye mazingira kama yale kwa miaka mingi kuliko majibu mengi ya kushangiliwa ninayoyakumbuka mimi, kwa sababu mtu akiwa na mtoto anadegedega mbele yake saa nane usiku anataka kujua vitu viwili, kipi nifanye na kipi nisihangaike nacho.

Na kuna lile la dripu, hili naomba ulisome upya hata kama ulifundishwa darasani. Mtoto akija na homa kali, mikono ya baridi, mapigo yanakimbia, dalili zote za mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, sisi wote tulifundishwa kumjaza maji ya mshipani haraka haraka, mwongozo ulisema hivyo na hakuna aliyekuwa na wasiwasi, hata kuuliza tu kulionekana ni upotoshaji. Kathryn Maitland na timu yake wakauliza. Jaribio lilifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, kundi kubwa lilikuwa na watoto 3,141, na Januari 2011 kamati ya kusimamia usalama ikashauri usajili usimamishwe kabla ya muda. Ndani ya saa 48 waliopewa dripu ya haraka walifariki asilimia 10.6 kwa wale wa albumini, maji yenye protini ya damu, na 10.5 kwa wale wa maji ya chumvi, ambao hawakupewa walikuwa asilimia 7.3. Yaani kile kitu tulichokuwa tunakifanya kwa moyo wote, tunakimbia na chupa mkononi, kilikuwa kinaondoka na watoto watatu zaidi katika kila mia. Makala ikatoka mwaka huohuo, watu wakabisha sana, wengine wakasema watoto hawakuchaguliwa vizuri, wengine wakasema haiwahusu wao wenye vyumba vya uangalizi maalumu. Sasa jiulize ingekuwaje kama mtu angesema tuiweke kwanza pembeni.

Najua yako haijaonyesha madhara, imeonyesha tu hakuna faida, haina hata utamu wa kubishaniwa. Lakini dawa isiyo na faida nayo ina gharama yake, kuna nesi ataichanganya, kuna sindano ya ziada, kuna mzazi atatumwa akanunue kitu ambacho hakitamsaidia mwanawe wakati anaweza kuwa anadaiwa oksijeni.

Ila kuna swali la kitaalamu lazima nikuulize na usikasirike. Unaposema hakuna kitu, unamaanisha mmeonyesha haisaidii au mmeshindwa kuona kama inasaidia? Si kitu kimoja. Usiangalie ile namba ya katikati peke yake, angalia upana wa makadirio kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Kama ule upana ni mwembamba na hata upande wake mzuri kabisa faida ni ya kupuuzwa, basi una jibu, andika kwa kujiamini. Kama ni mpana kiasi kwamba bado inawezekana dawa inaokoa watoto wengi au inaua wengi, basi hujapata jibu, umepata sababu ya jaribio kubwa zaidi, na hilo nalo linaandikwa, tena linaandikwa hivyohivyo. Kaa na mtu wa takwimu peke yenu mkiwa hamna haraka, akueleze mpaka uelewe we mwenyewe, maana utaulizwa.

Sasa profesa. Hapa nitasema wazi kidogo.

Kukata data vipande siyo dhambi yenyewe. Mtoto wa wiki sita na mtoto wa miaka minne ni viumbe tofauti, kinga zao ni tofauti, vijidudu vinavyowapata ni tofauti, kwahiyo kuna vikundi ambavyo ni busara kuviangalia. Swali ni vilipangwa lini. Kama vilikuwa kwenye mpango wa uchambuzi mlioandika kabla siri haijafunguliwa, vitoe vyote, kile kilichopendeza na visivyopendeza. Kama vimebuniwa baada ya grafu kuwasikitisha, hapo mnatafuta faraja. Hesabu yenyewe haina huruma, ukichukua dawa ambayo haifanyi chochote ukapima kwenye vikundi ishirini visivyohusiana kwa kile kiwango chetu cha asilimia 5, yaani tunakubali kudanganywa na bahati mara tano katika kila mia, uwezekano wa kupata angalau kikundi kimoja kitakachokudanganya kwamba kuna tofauti ni karibu asilimia 64. Wewe umetaja vikundi vitano kwenye barua, sijui vingapi hujavitaja.

Waliolionyesha hili vizuri kuliko wote ni watu wa ISIS-2, jaribio kubwa la aspirini kwa watu wazima wenye mshtuko wa moyo, zaidi ya wagonjwa 17,000, lilichapishwa 1988. Aspirini iliokoa watu, halina ubishi. Lakini wakaambiwa waonyeshe vikundi vidogovidogo, nao wakaweka kimoja cha makusudi, wakawagawa wagonjwa kwa nyota zao za kuzaliwa. Ikaonekana waliozaliwa nyota ya Mapacha na Mizani aspirini haiwafai, tena kidogo inawadhuru! Hilo limechapishwa kwenye jarida la heshima kabisa na mpaka leo nikilikumbuka nacheka. Mpelekee profesa wako hiyo kama mna utani wa kutosha, kama hamna acha kwanza.

Na hili la kuiweka pembeni, mwanangu, hana ruhusa hiyo. Azimio la Helsinki, ambalo ndo msingi wa kila fomu ya ridhaa uliyowahi kumsomea mzazi, linasema matokeo mabaya na yasiyo na jibu lazima yachapishwe au yawekwe wazi kwa njia nyingine sawa na mazuri. Jaribio lenu bila shaka lilisajiliwa kwenye rejista ya umma kabla mtoto wa kwanza hajaingia, maana tangu 2005 majarida makubwa ya tiba hayapokei jaribio lisilosajiliwa, na kwenye huo usajili mmeandika wenyewe kipimo kikuu ni kipi, yaani lile jambo moja mlilopanga litoe jibu la jaribio. Kwahiyo yeyote atakayepitia makala yenu akiwa na dakika kumi ataweka usajili huku na makala huku, ataona kipimo kikuu kimefichwa kwenye mstari mmoja na kikundi kisichokuwepo kimekuwa kichwa cha habari. Aibu hiyo itabaki na majina yote, na la kwako ndo changa zaidi.

Unamwambiaje? Usiende kama mpelelezi. Huyu mzee inawezekana kabisa siyo mwongo, ni mtu mwenye hofu, ana watu anaowalipa mishahara, ana maabara, anajua fedha zikikatika wafanyakazi wake wanarudi nyumbani, na mtu mwenye hofu akiona kikundi kimoja kinang'aa anakiamini kwa dhati. Mwombe muda mkae wawili, siyo kwenye kikao cha timu wala kwa WhatsApp. Nenda na mpango wa uchambuzi uliochapwa, wenye tarehe. Mwambie kwa heshima kitu kama hiki, “Prof, nimeandika rasimu ya kwanza nikifuata mpango wetu, kipimo kikuu kiko mbele, na kile kikundi nimekiweka mwishoni kama jambo la kuchunguzwa baadaye, naomba uipitie.” Umeona hapo? Hujamwambia anakosea, umempa kazi iliyokwisha kufanyika. Watu wengi wanashindwa kuandika kwa sababu hakuna rasimu, rasimu ikiwepo mezani inakuwa ngumu kuikataa kuliko kukataa wazo. Halafu baada ya hapo mtumie kwa barua pepe, uwe na kumbukumbu.

Akikataa kabisa, unayo kamati ya maadili ambayo inadai ripoti ya mwisho kwa vyovyote, na kuna mfadhili ambaye kwa kawaida anadai hivyohivyo. Huendi kushtaki, unaandika ripoti inayodaiwa. Na kama yatafikia makala ile ya kikundi inapelekwa jaridani bila wewe kukubali, toa jina lako. Itauma, ila kutoa jina ni rahisi leo kuliko ukishachapishwa.

Na hii hoja ya kwamba mfadhili hatoi hela kwa matokeo ya hakuna tofauti, ina ukweli kidogo na woga mwingi. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti wa Marekani walijaribu chanjo dhidi ya RSV, kile kirusi kinachobana vifua vya watoto wachanga. Chanjo ilitengenezwa kwa kirusi kilichouawa kwa fomalini. Badala ya kulinda ikafanya kinyume, watoto waliochanjwa walipokutana na kirusi chenyewe baadaye asilimia 80 wakaishia kulazwa, kwenye kundi linganishi ilikuwa asilimia 5, na wawili wakafariki. Sijui kama kuna siku mbaya zaidi ya hiyo kwa mtafiti wa watoto. Lakini waliandika yote mwaka 1969. Watu wakaogopa chanjo ya RSV kwa miaka mingi, ila waliobaki walikuwa na swali lililo wazi, kwa nini kinga iliyotengenezwa ilikuwa ya aina mbaya, na wakaendelea kulichimba mpaka 2013 kina Jason McLellan na Barney Graham wakaonyesha umbo la ile protini inayotumiwa na kirusi kuingia kwenye seli, kabla haijakiunganisha na seli, kumbe kinga kali inalenga umbo hilo na kwenye chanjo ya zamani lilikuwa limeharibika. Mwaka 2023 kukawa na chanjo ya wajawazito inayolinda watoto wanaozaliwa. Wewe haujafika hata robo ya janga lile. Unachoweza kuandika kwenye andiko lako lijalo ni kwamba tulifikiri ni njia hii, tumepima vizuri, siyo hii, na sampuli tulizonazo kwenye friza zinaweza kutuambia kwa nini. Mfadhili anayejua kazi anasoma hiyo sentensi anaona mtu anayeaminika. Sampuli mnazo, si ndiyo? Angalia ridhaa zinaruhusu kutumika kwa maswali mengine au lazima mrudi kamati ya maadili kwanza.

Sasa yule mama. Unamkwepa kwa sababu unafikiri unakwenda kumpa habari mbaya. Nikwambie nilivyoona mimi kwa wazazi wengi, swali lake siyo la dawa. Anapouliza mwanangu alikuwa anapewa ipi anauliza, je nilifanya vibaya kukubali? Saini yangu ile ilimponza? Huo mzigo anao tangu siku ile, wewe unaweza kumpunguzia na unapita njia nyingine.

Kwanza pata kibali, uliza timu na kamati ya maadili utaratibu wenu wa kurudisha majibu kwa wazazi ni upi, na kama haupo uanzishe wewe, kikao cha wazazi wote kwa lugha yao bila grafu. Yule wa kwako mfuate pekee kabla ya kikao, asikie kwanza kutoka kwako. Kama kibali kinaruhusu mwambie kundi la mwanawe. Mwambie dawa kwa jumla haikuonyesha kusaidia wala kudhuru, na antibayotiki zote mtoto alizipata kama wengine. Usimwambie nina uhakika dawa haikuhusika kwa mtoto wako, hilo kwa mtoto mmoja hatuwezi kulijua na yeye ataona unamfunika. Usijitetee, usilete neno sayansi. Mshukuru, kisha nyamaza umwache aulize. Wengine wanalia, wengine wanakuuliza habari za watoto wako basi yakaisha. Yoyote yale, utatoka hapo ukiwa mwepesi kuliko ulivyo leo.

Tumebakiza kazi. Mama yako usibishane naye, neno lake la makaratasi linauma kwa sababu ameona mwanawe anachoka na hajaona matunda, siku moja mchukue tu umwonyeshe huo mwongozo wa matibabu umwambie kila mstari hapa mtu kama mimi aliufanyia kazi. Mume wako naye muulize moja kwa moja anaogopa nini, hilo amua wewe huwa linaficha kitu, mara nyingi ni hela.

Na hela ni jambo la haki kabisa. Katika fani hii kipindi kigumu kuliko vyote ni hapo ulipo, uzamivu umemaliza, jina lako bado liko chini ya la profesa, na fedha zako mwenyewe hujapata. Nimeona wengi wazuri wanakatikia hapo, siyo kwa kukosa akili, kwa kukosa mshahara wa miezi sita kati ya mradi na mradi. Kwahiyo ajira ya kudumu siidharau hata kidogo. Ila wewe umeiweka kama vile ukiingia wodini mlango wa utafiti unafungwa, na mimi naona kinyume. Swali lako la kwanza ulilipata wapi? Pale kitandani kilipotandikwa upya. Mtafiti wa magonjwa ya watoto ambaye hajamshika mtoto mgonjwa muda mrefu anaanza kuuliza maswali ambayo hakuna nesi angeyauliza.

Kwahiyo ofa usiikubali wala usiikatae kama ilivyo, ijadili. Waombe siku moja kwa wiki ya utafiti, iandikwe ndani ya mkataba, isiwe ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara, maana wodi ikielemewa siku hiyo ndo ya kwanza kuliwa na mkuu mpya akija hakujui. Waulize wanakubali uwe mwombaji mkuu wa fedha kupitia kwao au utapitia wapi. Waulize kamati yao ya maadili inafanya kazi au ipo kwenye karatasi, na nani anatunza friza umeme ukikatika. Angalia pia zile nafasi za ufadhili kwa watafiti wachanga, nyingi zina kikomo cha miaka baada ya uzamivu, ujue wako umebakiza mingapi kabla hujasema nitarudi baadaye. Na kwa upande wa profesa, kabla hujaondoka pata kwa maandishi kwamba unabaki mwandishi wa kwanza na data utaendelea kuzifikia ukiwa nje. Hilo lifanye mapema, siku ya kuaga watu wanakuwa wakarimu kwa maneno tu.

Hospitali wakikataa hiyo siku moja, utakuwa umejua ni kazi ya aina gani, na kuikubali bado siyo kosa kama nyumbani hela inahitajika, daktari mzuri wa wodi ya watoto anahitajika sana. Lakini wajibu kabla muda waliokupa haujaisha, na rasimu ya makala impe profesa kabla hujawajibu.